Video ya WhatsApp Kabla Haijaingia Kwenye Filamu Yako: Mwongozo Kamili wa Kuihakiki, Kutoka Lamu

Karibu kila rasimu ya dokumentari ninayoletewa niitazame hapa Lamu ina kosa lile lile. Mahojiano mazuri, mikoko imepigwa picha vizuri, halafu katikati inachomoza video ya WhatsApp yenye ukungu, isiyo na mwenyewe. Nikiuliza ilitoka wapi, najibiwa: "Ilikuwa kwenye grupu, na wote wasema ni hapa."

Video za kutengenezwa kabisa si nyingi kama watu wanavyohofia. Inayotuangusha ni video ya kweli iliyohamishwa: tukio lilitokea, lakini si mahali hapo wala si siku hiyo. Kuikamata hakuhitaji ufundi wa ajabu. Kunahitaji utaratibu, na kunahitaji ujue maji, upepo na maneno ya kwenu.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Ni video ya sekunde 42, niliyoletewa mwezi wa Juni 2024 na kijana anayetengeneza filamu kuhusu wavuvi na bandari ya Lamu. Bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mawimbi yanapiga ufukwe, na mtu anasikika akilalamika. Chini yake pameandikwa: "Lamu bandarini jana, uchimbaji umeua bahari."

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yoyote inayofanya kazi, na simu. Simu peke yake itakukwamisha kwenye hatua ya tatu.
- Diski mbili za kuhifadhia, au diski moja na flashi moja. Usitegemee kadi ya kamera.
- VLC ya kusimamisha video na kuchukua picha. MediaInfo au ExifTool ya kusoma taarifa za faili. Kiendelezi cha kivinjari kiitwacho InVID-WeVerify. Google Earth Pro. Zote ni za bure.
- Tovuti mbili: SunCalc kwa ajili ya jua, na Copernicus Browser kwa picha za setilaiti.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi unaouchunguza.
- Daftari la karatasi. Nasema la karatasi kwa sababu simu huzama, na hapa kwetu huzama kwelikweli.
- Mvuvi mmoja mtu mzima na mtu mmoja mwenye sikio la lahaja. Hawa wawili wana thamani kuliko programu zote hapo juu.

## Hatua ya 1: Ihifadhi, usiisambaze

Ipakue video, inakili kwenye diski zote mbili, na nakala ya kwanza usiiguse tena. Usiikate, usiiongeze mwanga, usiibadilishe jina. Kazi yote ifanyie nakala ya pili.

Ukiweza, toa hesabu ya SHA-256 ya faili na uiandike daftarini. Ni kama alama ya kidole ya faili: mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Siku mtu akidai umeichezea video, unaikokotoa tena mbele yake, na ikilingana hana la kusema.

Onyo: unapowauliza watu, waonyeshe kwenye simu yako. Usiwatumie. Nimeshamwona mtafiti wa video akawa ndiye msambazaji wake mkubwa, maana alipoituma kwenye magrupu manane akiuliza "hii ni kweli?", watu waliacha swali wakachukua video.

## Hatua ya 2: Itafutie sanad

Mtu aliyekulia Lamu, hata kama hakukaa sana madrasa, anajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi bila sanad, yaani mnyororo wa waliopokezana. Huulizwa fulani kapokea kwa nani, na huyo naye kapokea kwa nani. Ifanyie video hivyo hivyo.

Anza na aliyekutumia, rudi nyuma mtu mmoja mmoja. Swali si "hii ni kweli?", kwa sababu hilo humfanya mtu atetee heshima yake. Uliza hivi: "Ami, niwie radhi kwa usumbufu. Hii uliipata kwa nani, na lini? Naomba nione ujumbe wenyewe kwenye simu yako." Kuona ujumbe ni muhimu, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu hukosea siku na ujumbe una tarehe yake.

Angalia pia alama ya mishale miwili na maneno kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Ukiiona, jua uko mbali na chanzo, na aliyekupa hana zaidi ya unachokijua wewe.

Daftarini andika: nani (tumia alama, si jina, kama anaogopa), alipokea lini, kutoka wapi, kwa maneno gani. Maneno yanayoandamana na video hubadilika njiani. Ile ya kwetu, watu wanne nyuma, haikuwa na neno "Lamu" popote. Ilikuwa na maneno mawili tu: "Tazameni maji." Lamu iliongezwa njiani na mmoja wa waliofuata, na hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hasira.

Umefaulu hapa ukimfikia aliyeshika kamera. Mara nyingi hutamfikia. Ukipata nakala ya zamani kuliko zote unayoweza kuipata, hilo nalo ni jambo kubwa, endelea mbele.

## Hatua ya 3: Lisome faili lenyewe

Kwenye simu za Android, WhatsApp hulipa faili jina kama VID-20231128-WA0017. Wengi husoma tarehe hiyo wakadhani ndiyo siku iliyorekodiwa. Sivyo. Ni siku ambayo faili lilifika kwenye simu hiyo. Haikwambii tukio lilikuwa lini, lakini yakwambia jambo moja kwa uhakika: halikuwa baada ya hapo.

Hapo ndipo "jana" ya Juni 2024 ilipoanguka. Simu ya mtu wa nne katika mnyororo wetu ilikuwa na nakala ya mwezi wa Novemba 2023.

WhatsApp hubana video na kufuta taarifa nyingi za asili. Kwa hiyo ukimpata mpiga picha mwenyewe, mwombe akutumie faili kama dokumenti, si kama video ya kawaida, au bora zaidi akunakilie kwa waya. Kisha lifungue kwa MediaInfo.

Onyo la saa: simu nyingi huandika ndani ya faili la video saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Video ya saa 14:00 mchana itasomeka 11:00. Nimeona ugomvi mzima kati ya mhariri na shahidi, na wote wawili walikuwa sawa.

## Hatua ya 4: Ipasue na uitafute mtandaoni

Tia video kwenye InVID-WeVerify. Itaivunja iwe picha tulivu. Kila picha itafute kwa Google Lens, kisha Yandex, kisha TinEye. Tumia zote, kwa sababu kila moja ina macho yake.

Chagua picha zenye vitu visivyohama: jengo, mnara, kichwa cha gati, umbo la mlima. Picha ya maji matupu itakurudishia bahari zote za dunia.

Usipopata kitu, haimaanishi video ni mpya. Inamaanisha tu kwamba hukuipata.

## Hatua ya 5: Thibitisha mahali

Hapa tulia. Itazame video bila sauti mara tatu, na kila mara chora kwenye daftari unachokiona: kushoto nini, kulia nini, mbali nini. Kisha jiulize kama mahali panapodaiwa panaweza kuwa na vitu hivyo.

Ghuba ya Manda, ilipo bandari, imezungukwa na mikoko na visiwa. Maji yake yamekingwa. Video yetu ilikuwa na ufukwe mpana ulio wazi na mawimbi yanayovunjika mstari baada ya mstari, na haikuwa na mkoko hata mmoja. Hilo halikutosha kuikataa, lakini lilitosha kutia shaka.

Sekunde ya 31 mpiga picha aligeuka kidogo. Pembeni kabisa, kwa muda usiofika sekunde moja, kilionekana kitu cheupe chembamba juu ya rasi. Tulisimamisha video kwa VLC tukasogeza picha moja moja. Ulikuwa ni mnara wa Vasco da Gama, ule wenye msalaba juu. Tulikuwa tunaitazama Malindi.

Baada ya hapo kila kitu kiliingia mahali pake. Mto Sabaki humwaga maji yenye udongo kaskazini ya mji wa Malindi. Mvua za vuli zikinyesha bara, na upepo wa kaskazi ukiwa unasukuma maji kwenda kusini, ghuba ya Malindi hugeuka rangi ile ile ya chai. Wenyeji wa Malindi hawaishangai. Ilimshangaza aliyeiona kwenye simu Mokowe, huku kwetu Lamu.

Fungua Google Earth Pro, nenda mahali unapopashuku, ulinganishe angalau vitu vitatu visivyohama. Kimoja ni bahati. Viwili bado vinaweza kukudanganya. Kisha, kama tukio lenyewe ni kubwa, kama udongo baharini, mafuriko au moto wa msitu, tazama picha za Sentinel-2 kwenye Copernicus Browser. Setilaiti hizo hupita kila baada ya siku tano hivi na huonyesha vitu kwa kipimo cha mita 10, kwa hiyo jahazi huenda usilione, ila ulimi wa udongo wa Sabaki unaonekana wazi siku isiyo na mawingu.

Vyombo navyo husema. Filamu yangu ya kwanza niliionyesha mtaani Langoni, mjini Lamu, nikiwa nimejaa furaha. Ilikuwa na video ya chombo kilichopinduka, nikidai ni karibu na Shela. Kabla haijamalizika, mzee mmoja alisema kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni ngalawa, ina mbao mbavuni. Za namna hiyo ni za kusini. Wewe umeizamisha kwetu kwa nini?" Watu walicheka. Mimi sikucheka kwa muda wa wiki mbili.

Lugha pia. Zima picha, sikiliza sauti tu. Ukisikia "moya" kwa moja na "yana" kwa jana, uko kwenye Kiamu, lahaja ya Lamu, au jirani zake wa visiwani. Ukisikia "mato" kwa macho na "kitwa" kwa kichwa peke yake, bado unaweza kuwa Mombasa. Ila sauti huweza kubandikwa, kwa hiyo lahaja ni ushahidi wa kuongezea, usiifanye nguzo.

## Hatua ya 6: Thibitisha wakati

Jua. Mji wa Lamu unatazama mashariki, kuelekea Manda. Asubuhi mwanga huupiga mji usoni. Jioni mji uko kivulini na Manda ndiyo inayong'aa. Mtu akikuletea "asubuhi ya leo gatini" na nyumba za mbele ziko gizani huku Manda inawaka, mrudishe.

Lakini usikimbilie kusema "pwani yetu jua halitui majini." Aliyesimama ufukwe wa Manda akitazama Lamu huliona likitua ng'ambo ya maji kila siku, watalii hulipia mashua kwa ajili hiyo hiyo. Hoja ni upeo wa macho. Jua likitua kwenye bahari kuu isiyo na nchi mbele yake, hiyo si Kenya.

Kivuli cha adhuhuri nacho kina lake. Lamu iko kama digrii 2 kusini ya ikweta. Mchana wa Julai kivuli huanguka kusini, wa Desemba huanguka kaskazini. Weka mahali na tarehe kwenye SunCalc, ulinganishe na nguzo au mtu aliyesimama wima.

Maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, yaani maji makubwa. Kwenye pwani yetu maji ya bamvu hujaa karibu alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo video inayodaiwa kuwa ya saa kumi alasiri, siku ya mwezi mpevu, yenye miamba mikavu na ngazi za gati zote nje, ina maswali ya kujibu. Usifanye hesabu hii peke yako. Mwonyeshe mvuvi wako, utapata jibu kabla hujafungua jedwali.

Upepo. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Tazama bendera, tanga na moshi. Ukishajua kamera ilielekea wapi, upepo unakupa msimu.

Adhana. Hii wengi hawaifikirii. Ikisikika "Asswalatu khairun minan-naum," hiyo ni adhana ya alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukiyasikia maneno hayo na picha ina jua la utosini, sauti imebandikwa, au picha imebandikwa. Chagua moja.

### Saa na siku za midomoni

Hapa ndipo filamu nzuri hufa kimyakimya. Shahidi akisema "saa mbili," anakusudia 8:00. Mwenye kuandika tafsiri ya chini, hasa akiwa si mtu wa pwani, ataandika 2:00, na ratiba nzima ya tukio itasogea saa sita. Uliza kila mara: ya asubuhi au ya usiku? Jua lilikuwa wapi?

Baya zaidi ni "usiku wa Ijumaa." Kwa wazee wetu wengi siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya ukutani huuita Alhamisi usiku. Kijana wa nyumba hiyo hiyo akisema maneno hayo hayo, huenda anakusudia usiku unaofuata. Mashahidi wawili wakweli watatofautiana siku nzima, na mpinzani wako atasema mmoja wao anadanganya. Uliza: "Kabla ya swala ya Ijumaa au baada yake?"

Na mzee akikwambia "ilikuwa mfungo sita," usimsahihishe wala usikisie. Ni mwezi wa maulidi. Tafuta mwaka, kisha geuza tarehe kwa kalenda ya Kiislamu, ukiacha nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya mwandamo.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii bila kusita: "Ilirekodiwa mahali fulani, kati ya siku hii na siku hii." Muda mpana uliothibitishwa ni bora kuliko siku moja ya kubuni.

## Hatua ya 7: Watu na hati

Gawanya mashahidi wako: aliyeona, aliyefika baadaye, aliyeambiwa. Wote wanaweza kuingia kwenye filamu, lakini mtazamaji ajue nani ni nani. Wahoji mmoja mmoja, si barazani mbele ya wenzao, maana barazani wa pili hukubaliana na wa kwanza kwa adabu tu.

Kwa mambo ya bahari, anza na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, ya bandari hiyo ya wavuvi, kisha watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kwa hati za serikali, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Anza mapema, siku 21 ni nyingi ukiwa na tarehe ya onyesho.

Kijana wangu aliogopa kwamba video ikiondolewa, filamu yake itakosa nguvu. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi walioathiriwa na mradi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ipo, na wavuvi wenyewe wapo Mokowe na Matondoni. Tope la Malindi lingewapa wapinzani wao kitu kimoja cha kuonyesha ili kukataa yote mengine.

Maonyo ya haraka: usirekodi kambi, vizuizi vya usalama wala maeneo yaliyofungwa bila kibali. Droni inahitaji ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Sura ya mtu kwenye video ya grupu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Mzibe uso kama hukupata ridhaa yake. Na kuchapisha habari unayojua ni ya uongo kulifanywa kosa na sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018.

## Hatua ya 8: Amua, kisha hariri kwa uaminifu

Andika uamuzi mmoja daftarini: imethibitika, mahali pamethibitika lakini wakati bado, haijathibitika, imehamishwa. Andika na sababu.

Ambayo haijathibitika, iache nje. Najua wengi huweka maandishi madogo chini, "haijathibitishwa." Mimi sikubaliani nao. Mtazamaji hukumbuka picha, maandishi huyasahau. Nafasi pekee ya video kama hiyo ni pale filamu yenyewe inapohusu uvumi na safari yake. Hapo ionyeshe ikiwa na alama kubwa juu ya picha yenyewe muda wote inapoonekana. Ndivyo tulivyofanya: tope la Malindi likawa dakika nne za filamu, kuhusu namna lilivyofika Lamu.

Kwa iliyothibitika, andika kwenye skrini mahali na mwezi. Kisha jichunguze mwenyewe: mawimbi ya Juni usiyachomeke kwenye simulizi ya Januari, wala mikoko ya Kipungani usiifanye ya Pate. Huo nao ni uhamishaji, tofauti ni kwamba umeufanya wewe na una kamera nzuri.

Kwa video za akili bandia, usitegemee programu za kuzitambua. Tazama maandishi kwenye vyombo, vidole, na watu wanaopotea nyuma ya nguzo wasitokee upande wa pili. Kisha rudi hatua ya pili. Isiyo na sanad haipiti, iwe imetengenezwa na mashine au na binadamu.

## Hatua ya 9: Ionyeshe mahali ilipotoka

Kabla ya kuipandisha filamu mtandaoni, itembeze. Watu kumi, ukuta mweupe, projekta ya kuazima. Waambie hawaombwi ruhusa ya maudhui. Wanaombwa wakusahihishe majina, mahali, siku na tafsiri. Kaa kimya, andika. Ukiona wanazungumza wenyewe kwa wenyewe wakati picha fulani inapita, rudisha nyuma uulize.

Ukishaipandisha YouTube na kosa likaonekana, jua huwezi kubadilisha video ukabaki na kiungo kile kile. Unaweza kukata kipande kwa kihariri chao, au uipandishe upya. Mimi hukata kipande siku hiyo hiyo, kisha naandika mwanzo wa maelezo, si mwisho, nini kilikuwa kosa, dakika ya ngapi, na tarehe niliyokiondoa. Halafu narudi kwenye kila grupu nililoweka kiungo, naandika hayo hayo. Ya Langoni nilikwenda kwa miguu, baada ya Ijumaa, nikamtafuta yule mzee. Akanikaribisha kahawa, akaniomba nimwonyeshe tena ile ngalawa.